Kipimajoto cha bunduki kwenye mayai: msinunue. Au nunueni, lakini someni kwanza

"Bosi, hii imepima watu uwanja wa ndege, sembuse yai?" Ndivyo alivyonijibu muuzaji nilipomuuliza kama inafaa kupimia joto la ganda la mayai ninayototolesha kwenye mashine. Nikalipa. Niliporudi na malalamiko wiki kadhaa baadaye, akasema mayai yangu ndiyo viza. Hata kukishika hakukishika.

Tatizo lenyewe halikuandikwa popote kwenye boksi. Kipimajoto cha paji la uso hakikupi joto la kitu ulichokielekezea. Kinapima ngozi, kisha kinaongeza chake juu ili kikuambie joto la ndani ya mwili. Paji likiwa na nyuzi 34 na ushee, kioo kinaandika 36.5. Kwenye yai kinapiga hesabu ile ile, kana kwamba yai nalo lina paji. Kifaa kina hali mbili, ya mwili na ya kitu (hii haiongezi chochote). Yai moja, dakika moja: hali ya mwili imesoma 37.8, hali ya kitu 36.1.

Ganda linatakiwa likae kwenye 37.8 hivi. Sasa kioo kinawaka chekundu na kupiga kelele kwamba yai lina homa ya 39, nawe unapunguza joto la mashine kidogo kidogo mpaka kisome 37.8. Umeyapoza mayai kwa mkono wako mwenyewe. Vifaranga wanachelewa kutoka, siku ya 22, wengine ya 23, matumbo makubwa na laini, manyoya yamegandamana, kusimama kwa shida. Wengine wamedonoa ganda wakafia hapo hapo. Hiyo ni baridi. Joto lingezidi wangewahi kutoka, wakiwa wadogo, vitovu havijafunga, vifundo vya miguu vyekundu.

Na msiniambie mashine ina kioo chake. Sensa ya mashine inapima hewa. Wiki ya kwanza yai linapokea joto kutoka kwenye hewa. Kuanzia kama siku ya 12 kiinitete kinazalisha joto lake, na siku ya 16 hadi 18 ganda linaweza kuizidi hewa kwa nyuzi nzima, hasa katikati ya trei ambako upepo wa feni unafika umechoka. Kioo cha mashine kinasema 37.7, ganda liko 38.9, na wewe umelala usingizi. Ndiyo maana kupima ganda si anasa.

Basi, kama umeshakinunua kama mimi: bonyeza kitufe cha kubadili hali mpaka ile alama ya mtu iondoke. Kiache nusu saa kwenye chumba ilimo mashine kabla ya kupima. Elekeza kwenye kiuno cha yai, umbali wa sentimita 3. Ukisogea nyuma kinachanganya yai na trei. Upande butu usiuguse, kifuko cha hewa kiko pale na husoma chini. Pima mayai kama 10 ya katikati, yenye uhai, na ufanye haraka maana mlango ukiwa wazi ganda linapoa. Usikisogeze kwenye mvuke, lenzi itapata ukungu na namba zitakuwa za uongo.

Hali ya kitu nayo ina makosa yake. Wengine huyapima kwa kikombe cha maji ya moto. Maji yanapoa juu kwa kuvukiza, utadanganyika mara mbili. Bandika sensa ya waya kwenye kiuno cha yai kwa utepe, ifunike na kipande kidogo cha sponji, funga mlango saa moja, kisha linganisha na yai la jirani. Tofauti utakayoipata iandike kwa kalamu ubavuni mwa kipimajoto.

Hapo nikaanza kukipenda, nakiri. Siku ya 16 nilipitisha kwenye trei nzima: mayai yaliyokufa na yasiyo na mbegu yalisoma chini kuliko jirani zao kwa nyuzi nzima, tochi ikathibitisha karibu yote. Kwa kazi hiyo hata kama namba yenyewe si sahihi haidhuru, unachotafuta ni tofauti. Nilikuwa nimekipa nyota moja, nikaongeza ya pili. Ingawa mwenye uwezo achukue cha sikio, kama Braun ThermoScan, ambacho ndicho watu wa vituo vikubwa vya kutotolesha wanakitumia: ncha inagusa ganda taratibu, basi.

Nyota ya pili naiondoa. Nimekiwasha sasa hivi kuhakikisha jambo moja kabla ya kutuma, na alama ya mtu imerudi. Kila kikijizima kinarudi kwenye hali ya mwili.