Mashine ya mkono ya kukunja bati: nimeitumia Kigoma, haya ndiyo niliyoyaona

Mimi ni fundi paa, nakaa Mwanga. Miaka yote kofia (bati la kufunika kilele cha paa) na fleshingi (bati la kuziba mwanya kati ya paa na ukuta) nilizikunja kwa mbao mbili na nyundo ya mpira. Bati la rangi halipendi hivyo, kona inatoka na vibonde.

Mwezi wa nane nikaagiza Dar mashine ndogo ya mita 1, ikaja kwa basi. Haitumii umeme. Bati unalibana chini ya upau wa chuma, halafu unanyanyua kwa mikono ule ubao wa mbele wenye bawaba. Nikajaribu mabaki ya geji 30 (geji ni namba ya unene, ikipanda bati ni jembamba zaidi). Kona imenyooka kama ya kiwandani!

Aibu ikanikuta Ujiji, kwenye veranda ya mama mmoja. Fleshingi ya geji 28, kipande cha upana wote wa mashine. Ncha zote mbili zimekaa pembe mraba, katikati kumebaki wazi. Nilipolisimamisha ukutani, kidole kilipita nyuma yake. Mama akalitazama. "Fundi, mbona hili lina tumbo?"

Kosa ni la upau wa kubania: mwembamba, ukikaza mkono unapinda katikati. Nikauchomelea chuma cha pembe cha inchi 2 mgongoni, nukta nukta kwa kupokezana ncha hii na ile, maana ukichoma mfululizo moto unaukunja. Tumbo likaisha. Karatasi ya maelezo ya mashine inadai inakunja bati la unene hadi milimita 1. Labda kwa kipande kifupi.

Bati nalo hurudi kidogo ukiliachia. Napitisha mpaka nyuzi 93 hivi, likitulia linakuwa 90. Alama piga kwa penseli. Msumari unachana rangi na zinki, kutu inaanzia hapo.

Kwa paa jipya bado nanunua kofia dukani, maana za kwangu ni za mita moja moja na kila kiungo kinataka kulaliana sentimita 15. Faida ya mashine ni kwenye nyumba za zamani, ambazo mwinuko wa paa hauendani na kofia yoyote ya dukani. Hapo napima, nakunja palepale uani.

Ile fleshingi ya veranda niliirudia bila kudai hata mia. Mvua ya Novemba ilipopiga usiku kucha, asubuhi nikapita kuangalia: ukuta mkavu. Mama akanipa chai, kisha akanionyesha jiko la nje, nalo linavuja.