Tangi la alumini kwenye bagi ya kujiundia: uzoefu wangu hapa Tanga

Tangi la petroli ninalolizungumzia ni la alumini ya milimita 3, lita 22, lililotengenezwa na fundi wa kuchomelea huku Ngamiani kwa mchoro niliompa. Limefungwa kwenye bagi, yaani kigari chepesi cha njia mbaya, niliyoiunda nyumbani: fremu ya mabomba, injini ya Toyota 4E-FE ya cc 1331 iliyotoka kwenye Starlet, imekaa nyuma ya viti. Njia zake ni zile za vumbi katikati ya mashamba ya mkonge upande wa Pongwe na Muheza, na mchanga wa pwani nikipata nafasi. Nimelitumia kiangazi na masika, na ninalipenda. Wanaolitazama husifia mng'ao wake. Mimi nalipendea kuta zilizomo ndani.

Petroli haitulii. Bagi ikipanda mlima mkali, yote inakimbilia nyuma. Ukikata kona kwa kasi, inalala upande mmoja. Kama mdomo wa kunyonyea uko upande uliobaki mkavu, pampu inavuta hewa. Kwa injini ya kabureta pengine usingehisi, maana bakuli la kabureta lina akiba yake ndogo ya kuivusha injini. EFI kama yangu, inayopuliziwa petroli kwa nozeli za umeme, haina akiba hiyo. Nozeli zinataka presha ya psi (kipimo cha presha) 40 hivi muda wote. Hewa ikipita, presha inaanguka na injini inakohoa au inazima, na mara nyingi ni katikati ya mlima, pale pale usipotaka izime. Pampu nayo hupozwa na mafuta yanayopita ndani yake, kwa hiyo ikizoea kuvuta hewa haidumu.

Ndiyo maana mchoro wangu ulikuwa na kuta mbili za ndani, zenye matundu chini na pembe za juu zilizokatwa ili hewa ipite, halafu kishimo kidogo sakafuni ambamo mdomo wa kunyonyea unakaa. Mafuta ya ziada yanayorudi kutoka kwenye injini yanamwagwa humo humo. Fundi alipouona aliniuliza, "Shekhe, kuta za nini na tangi lenyewe dogo hivi?" Nikachukua beseni lake la maji, nikalijaza nusu, nikalivuta ghafla. Maji yakamfika miguuni. Hakuuliza tena, akaanza kukata bati. Leo tangi likiwa na robo tu, napanda makorongo ya huko mkongeni na injini haishtuki.

Kabla ya hapo nililijaribu tangi la plastiki la boti, yale mekundu ya lita 24 ambayo wavuvi wa Sahare wanabeba mkononi. Silisemi vibaya. Halishiki kutu, ni imara, linapatikana mjini na ni rahisi kulitoa ukaenda nalo sheli. Lakini limebuniwa kwa kazi nyingine. Ndani ni wazi moja kwa moja, mpira wa kutokea ni mmoja, pa kurudishia mafuta hapana, na kifuniko kina skrubu ya hewa ya kufungua kwa mkono. Ukiiacha imefungwa, tangi linabonyea na injini inakosa mafuta. Ukiiacha wazi, bagi ikipinduka petroli inachuruzika kuelekea ekzosi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nilitoe. Tangi la pikipiki linafaa bagi ndogo yenye injini ya pikipiki na kabureta, mafuta yakishuka yenyewe. Na mtu akikuambia atakukunjia la bati la mabati ya zinki kwa bei poa, kataa: zinki haipatani na petroli, inatoa unga na magamba yanayoziba chujio.

Kuhusu ukubwa, lita moja ya petroli ina kama gramu 740, kwa hiyo lita 20 ni karibu kilo 15. Matangi ya magari madogo hubeba lita 40 na ushei. Kwenye bagi nyepesi, huo mzigo unaorukaruka utauhisi kwenye kila kona. Lita 22 zinanitosha.

Tafuta fundi mwenye mashine ya kuchomelea ya gesi ya agoni. Wengi wa mitaani wana ya vijiti vya chuma tu, na alumini haitaki ubabaishaji. Likikamilika, lipimeni pamoja kabla hujalipa. Msiliwekee upepo wa kompresa, litavimba. Pampu ya baiskeli inatosha, psi 2 au 3, kisha povu la sabuni kwenye kila mshono. Langu lilitoa viputo kwenye pembe moja, likarudiwa siku ile ile. Baadaye lioshe kwa petroli kidogo na uimwage, maana vumbi la chuma hubaki ndani.

Kulifunga, usilichomelee kwenye fremu. Fremu hujikunja kidogo kila ukigonga shimo, na mishono ya alumini itapasuka. Langu limekaa juu ya vipande vya mpira, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma cha pua yenye mpira chini yake, nyuma ya ukuta wa bati unaolitenga na viti. Hapa kwetu chumvi inafika kila mahali, na maji ya chumvi yakituama chini ya mkanda yanaila alumini vitundu vitundu. Nikitoka ufukweni naosha chini ya mikanda kwanza. Mpira wa hewa unatokea juu, unapanda na nguzo ya paa na kushuka upande wa pili, na una vavu ya golori inayojifunga bagi ikilala.

Kinachonikera bado ni geji ya mafuta. Boya lake liko karibu na pembe, kwa hiyo mshale unacheza muda wote. Fundi alitaka nimrudishie tangi alitoboe na kulichomelea upya. Tangi lililokwisha kuingia petroli silipeleki kwenye moto, hata liwe tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Boya nitalihamisha kwa kubadilisha kifuniko cha juu chenye boliti na gasketi, litue katikati ya kuta zile mbili.