musl: inafaa pale usipoijua mashine ya mteja

Jenga programu ya C kwenye Ubuntu 22.04, ipeleke kwenye seva ya 20.04, na mara nyingi itagoma hata kabla ya kuanza: `version 'GLIBC_2.34' not found`. Seva hiyo ina glibc (maktaba ya C ya kawaida ya Linux) 2.31, na programu inadai mpya zaidi. Kwa tatizo hili musl, maktaba ya C iliyoanzishwa na Rich Felker na kutolewa 2011, ndiyo dawa hasa.

Sakinisha `musl-tools`, kisha:

`musl-gcc -static -Os hesabu.c -o hesabu`

Amri ya `file hesabu` ikijibu "statically linked", maktaba zote zimo ndani. Faili hilo moja utalibeba kwenye Linux yoyote ya prosesa ileile, mradi keneli isiwe ya kale mno. Ila maktaba unazotegemea, kama zlib na OpenSSL (ya usimbaji fiche), lazima nazo zijengwe kwa musl. Ukichomeka maktaba ya `.a` iliyotengenezwa kwa glibc, linka (inayounganisha vipande vya programu) italalamika haioni `__memcpy_chk`, ambayo ni ya glibc.

Hata glibc yenyewe unaweza kuifungia ndani, lakini `getaddrinfo` yake, inayotafuta anwani za majina ya mtandao, bado hutafuta maktaba za mashine programu inapoendeshwa, na linka hukuonya. Leseni nayo, LGPL, inakudai umwachie mteja njia ya kuunganisha upya. musl ni MIT, haina masharti hayo.

Kasoro zipo, na zinauma. Steki (kumbukumbu ya miito ya kazi) ya kila thredi, yaani uzi wa utekelezaji ndani ya programu, ni KiB 128 tu, wakati glibc kwa kawaida hutoa MiB 8. Msimbo unaojiita wenyewe mara nyingi ndani ya thredi unaweza kuanguka kwa "Segmentation fault" bila maelezo. Ili kuikuza steki, ongeza `-Wl,-z,stack-size=1048576` kwenye amri ya kujenga. `malloc` yake, inayogawa kumbukumbu, hupunguza kasi thredi zikiwa nyingi, kwa hiyo unganisha mimalloc, mgawaji mwingine, badala yake. Majibu marefu ya DNS yalikuwa yakikatwa hadi toleo la 1.2.4 la 2023, na Ubuntu 22.04 inakupa 1.2.2. Angalia hilo mapema.

Kwa zana ya kugawa kwa wateja, naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa seva zako mwenyewe, acha maktaba zibaki nje. Heartbleed, kasoro ya usalama ya OpenSSL, ilipofichuka 2014, waliotumia OpenSSL ya pamoja walisasisha kifurushi kimoja na kuwasha upya huduma. Waliokuwa wameifungia ndani walilazimika kujenga upya kila programu, baada ya kwanza kuzitafuta ni zipi.