Mwongozo wa Kununua: Vifaa vya Kulainisha Usukani wa Guta kwa Barabara za Arusha na Moshi

Guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, likiwa na usukani mzito, dereva anayeshusha ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni mjini Moshi hufika akiwa na mabega yaliyokufa ganzi, na mwenzake anayepakia mbogamboga Tengeru kuzipeleka Kilombero, Arusha, hukata kona kwa shida ifikapo jioni. Wengi wakifika dukani huulizia usukani mpana, kwa kuwa ndicho kifaa kinachoonekana na kushikwa kwa mikono. Nionavyo mimi, hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu uzito wa usukani mara nyingi huzaliwa chini zaidi, kwenye beringi za stelingi (ule mhimili ambao foki na usukani huzungukia) na kwenye tairi, na usukani mpana huuficha tu kwa muda. Nimevipanga vifaa hivi kwa kuanzia pale uzito unapozaliwa, bila kufuata ukubwa wa bei.

Pikipiki ya magurudumu mawili hukata kona kwa kulala, na mwendesha pikipiki huhitaji nguvu kidogo tu. Guta halilali, gurudumu la mbele lazima lizungushwe kwa nguvu za mikono, huku mzigo wa nyuma ukitaka kwenda moja kwa moja. Aidha, foki nyingi za maguta, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zimefuata mwinamo wa foki za pikipiki za kawaida, ambao hulifanya tairi likanyage ardhi nyuma ya mahali ambapo mstari wa stelingi ungegusa ardhi kama ungerefushwa. Umbali huo, ambao kwa pikipiki nyingi huwa kati ya sentimita 8 na 12, ndio unaorudisha usukani katikati wenyewe. Kwa magurudumu mawili ni msaada mkubwa, lakini kwa matatu, ambayo hayahitaji kusimamishwa, sehemu kubwa ya msaada huo hugeuka kuwa uzito mikononi.

Kabla ya kununua chochote, pima upepo wa matairi mawili ya nyuma na uhakikishe unalingana, kisha tazama kama ekseli imekaa sawa kwenye springi pati (zile springi za mabamba), maana sentabolti, yaani bolti ya katikati ya springi hizo, ikikatika, upande mmoja wa ekseli hurudi nyuma na guta huvuta upande muda wote. Majaribio yafanyike mahali tambarare. Barabara zetu za lami zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, guta lolote litavuta kidogo kushoto hata likiwa zima kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya beringi za stelingi pamoja na grisi nzuri. Maguta mengi huja na gololi zinazozunguka ndani ya vikombe vya chuma, na kila mara gurudumu la mbele linapoingia shimoni au breki inaposhikwa kwenye mteremko, gololi hizo hupigwa palepale, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya safari usukani umenyooka. Njia ya kujua hali yake haihitaji mtambo. Inua gurudumu la mbele kwa jeki hadi lielee, kisha zungusha usukani polepole kwa vidole viwili kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi kwamba unanasa kidogo pale katikati, kisha unaachia ghafla, gololi zimekwisha kuchimba vikombe, na hakuna kukaza wala kulegeza kutakakoondoa vishimo hivyo. Baada ya hapo shika miguu ya foki kwa chini, isukume na kuivuta. Ikigonga, stelingi imelegea au beringi zimekwisha.

Ukinunua, chagua beringi za roli zilizochongoka kama zinapatikana kwa kipimo cha guta lako, kwa kuwa roli hubeba uzito kwa urefu wake wote, ilhali gololi hubeba kwa nukta moja. Beba beringi ya zamani hadi dukani, usome namba zilizochongwa juu yake, na ulinganishe kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na kimo, maana beringi za roli mara nyingi huwa na kimo tofauti na gololi zilizotolewa na fundi atalazimika kuongeza au kupunguza washa (pete nyembamba za chuma). Vikombe vya zamani vitolewe vyote. Kuweka beringi mpya juu ya kikombe kilichochimbika ni kununua tatizo lilelile mara ya pili. Fundi akikaza kupita kiasi, usukani utakuwa mzito kuliko mwanzo, na ninaamini malalamiko mengi kuhusu beringi mpya hutoka hapo. Kipimo kizuri ni kwamba, gurudumu likiwa limeelea na waya hazivuti, usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati uendelee kuangukia upande wenyewe, taratibu, bila kugonga. Ukaguliwe tena baada ya siku chache za kazi, kwa sababu vikombe vipya hukaa sawa baada ya kubeba mzigo. Grisi iwe ya kustahimili maji, kwani vumbi la barabara za pembezoni mwa Arusha na tope la masika, kuanzia Machi hadi Mei, huingia kwenye stelingi upesi.

Nafasi ya pili ni tairi la mbele na geji ya upepo, na ningependa viwili hivyo vinunuliwe pamoja. Tairi lenye upepo mdogo hulala na kukanyaga eneo kubwa la ardhi, na dereva hulazimika kulisokota lote kila anapokata kona. Maguta mengi hutumia tairi za 4.50-12 au 5.00-12; usipande kipimo kwa kudhani kwamba tairi nene ni bora, kwa sababu huongeza uzito wa usukani na huenda likagusa madigadi. Soma ubavuni mwa tairi kiwango cha juu cha upepo na cha mzigo, kisha angalia meno yake. Kwa anayefanya kazi mjini, kati ya Sakina, Kilombero na Njiro, tairi la mbele lenye mistari ya kuzunguka kwa urefu hugeuka kwa wepesi na hushika njia iliyonyooka. Anayepanda Uru au Kibosho wakati wa masika anahitaji meno ya kukata tope, ingawa yatamtetemesha kwenye lami, na hapo ningemshauri avumilie mtetemo kuliko kuteleza kwenye mteremko akiwa na mzigo.

Oili ya shokapu za mbele na sili zake nazipa nafasi ya tatu, na bei yake huwa ndogo. Guta linaposhuka mlima likiwa limebeba, uzito mwingi huhamia mbele. Shokapu zilizovuja huzama hadi mwisho, na usukani huwa mgumu palepale unapohitajika kuwa mwepesi. Oili iwe ya kipimo kilekile kwenye miguu yote miwili.

Usukani mpana unakuja wa nne. Unasaidia kweli, kwa sababu mkono ukiwa mbali zaidi na katikati hutumia nguvu ndogo, na usukani uliopinda kuelekea kwa dereva humwezesha kukaa wima bila kuegemea viganja. Nunua wa chuma, wenye bomba la milimita 22, ambao ndio unaotoshea vishikio na mikono ya breki za pikipiki nyingi. Kabla ya kulipa, uweke mahali pake, uukate hadi mwisho kushoto na kulia huku injini ikiwa inaunguruma bila kuongezewa mafuta. Mlio ukipanda, waya ya mafuta inavutwa, na guta hilo litaongeza mwendo lenyewe kwenye kona. Kasoro hiyo ni ya hatari, na dawa yake ni waya ndefu zaidi. Vishikio vya mpira laini vinastahili kununuliwa pamoja nao, kwa ajili ya mtetemo.

Kizuia mtikisiko wa stelingi, kile kishokapu kidogo kinachofungwa kati ya foki na fremu, kipo nafasi ya tano, kwa kuwa hakipunguzi uzito wa usukani. Kinyume chake huuongeza kidogo. Kazi yake ni kutuliza usukani unaotikisika kushoto na kulia mwendo unapopungua, na usukani ukitikisika hivyo beringi na tairi zikaguliwe kwanza.

Mwisho kabisa ni kubadilisha foki ili kupunguza ule umbali nilioueleza. Hufanywa kwa kuweka vipande vinavyoshika foki vyenye pembe tofauti, au kwa foki ya mikono inayolisukuma gurudumu mbele, kama ile ya pikipiki za Ural, zenye asili ya Urusi na kigari cha pembeni. Matokeo yake huwa makubwa kuliko ya kifaa kingine chochote hapa, na ndiyo maana inasikitisha kuiweka chini. Hata hivyo, umbali ukipunguzwa kupita kiasi usukani huanza kutikisika na kizuia mtikisiko huwa cha lazima, na foki iliyokatwa na kuchomelewa tena kwa makadirio inaweza kuvunjika ikiwa na mzigo. Mwenye guta asikubali kuchomelewa foki. Anunue kifaa kilichotengenezwa kiwandani kwa modeli yake, au aache.

Wenye bajaji za abiria wafuate nafasi mbili za kwanza tu, kwa matairi ya 4.00-8 yanayotumika kwenye nyingi kati ya hizo, kwa kuwa gurudumu lao la mbele hubebwa na mkono wa aina nyingine na vifaa vya foki havitawafaa.