Anza na Pawa Saplai: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Kompyuta ya Kuhariri Video na Kuchezea Gemu Ukiwa Tabora

Mwaka jana, wiki chache baada ya wakulima kuanza kupokea fedha za tumbaku, msimu ambao sisi tunaopiga picha za harusi hatulali, nilikuwa na harusi tatu na sendofu mbili za kuhariri kwa wakati mmoja. Usiku wa Alhamisi umeme ulikatika hapa Isevya, ukarudi baada ya dakika chache, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili nikasikia mlio mmoja mkavu ndani ya kompyuta, kisha ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua ambayo ilikaa chumbani hadi asubuhi. Fundi alipofungua alikuta pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, imekufa, na imeondoka na madabodi, yaani ubao mkuu, pamoja na diski yenye picha za sendofu moja ambazo sikuwa nimezihamishia mahali pengine. Mama wa bibi harusi alikuja siku ya tatu, akakaa, akasikiliza maelezo yangu yote hadi mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, mimi naomba tu ile sehemu bibi yake anacheza. Hayo mengine yaache." Sikuwa nayo.

Pawa saplai iliyofanya hayo niliinunua kwa shilingi 45,000, katika kompyuta ambayo kadi yake ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini, peke yake ilinigharimu zaidi ya mara kumi ya fedha hiyo. Tangu wakati huo kila anayeniuliza jinsi ya kuunda kompyuta kwa fedha kidogo huanza na kadi, kisha prosesa ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, kisha ukubwa wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na wengine huuliza hata rangi za taa za feni. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu pawa saplai. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza nayo, na sehemu kubwa itabaki kwayo, kwa sababu katika mji ambao umeme hucheza kila mvua za Novemba zinapoanza, ndicho kifaa kinachoamua kama vile vingine vyote vitaona mwaka wa pili.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kusoma kibandiko kilichobandikwa ubavuni, wala si namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Pawa saplai yangu iliandikwa wati 500 kwa herufi za kuonekana ukiwa barabarani, lakini kwenye jedwali dogo la kibandiko, katika safu ya volti 12, palikuwa na ampea 17. Zidisha 12 kwa 17 upate 204. Hizo wati 204 ndizo zilizokuwa za kweli, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo zinazokula umeme mwingi katika kompyuta ya leo, hutegemea safu hiyo ya volti 12. Zile nyingine zilizobaki ni hesabu ya kujaza karatasi. Mimi nilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 3600, ambayo huweza kufikia wati 88, na kadi ya GTX 1660 Super yenye wati 125, jumla wati 213 kabla hujagusa diski, feni wala madabodi. Anayecheza gemu peke yake anaweza kuponea hapo kwa muda, kwa sababu mara nyingi gemu hubana kifaa kimoja zaidi ya kingine, lakini anayetoa video ya harusi ya saa tatu huvifanyisha kazi vyote viwili kwa pamoja tangu usiku hadi alfajiri.

Jambo la pili ni kwamba alama ya 80 PLUS haisemi kile ambacho wauzaji wengi wanakuambia inasema. Alama hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hupima ni sehemu gani ya umeme unaoingia hutoka ukiwa wa kutumika na ni sehemu gani hupotea kama joto, na daraja zake za Bronze, Gold na nyinginezo zinahusu ufanisi huo tu. Haikuhakikishii kwamba ndani kuna ulinzi dhidi ya volti kupanda, dhidi ya shoti au dhidi ya mzigo kupita kiasi. Ulinzi huo hutajwa katika maelezo ya mtengenezaji kwa herufi OVP, SCP na OPP, kwa mpangilio huo huo, na ukikosa kuziona popote usinunue, hata kama boksi lina nembo ya dhahabu.

Jambo la tatu ndilo ninalolishikilia zaidi, na sijaona mwongozo wa wenzetu wa Dar es Salaam unaoligusa. Angalia kipimo cha umeme unaoingia. Pawa saplai nzuri huandikwa 100–240V, maana yake ni kwamba hata umeme wa nyumbani, ambao unatakiwa kuwa volti 230, ukishuka hadi 170 saa ambazo mtaa mzima umewasha majiko na pasi, kompyuta itaendelea kufanya kazi. Nyingine huandikwa 200–240V, na hizo umeme ukishuka kidogo tu huzima, au hujiwasha na kujizima hadi diski iharibike. Zipo pia zile za zamani zenye swichi nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115 na ukachomeka ukutani kwetu, umeiua siku hiyo hiyo.

Ile yangu iliyokufa fundi aliifungua mbele yangu. Ilikuwa nyepesi, haikufika hata kilo moja. Kwenye ubao wake, pale umeme unapoingilia, palikuwa na sehemu mbili zilizochorwa alama ya koili za kuchuja umeme, lakini koili hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na vipande viwili vifupi vya waya vilivyolehemewa kutoka tundu hadi tundu, kana kwamba mtengenezaji aliyachora yale aliyojua yanatakiwa kuwapo kisha akaamua kutoyaweka. Nakuomba usiifungue ya kwako, kwa kuwa kapasita kubwa zilizo ndani, ambazo huhifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Sasa nipange daraja. Ya kwanza kwangu, na sifichi kwamba naipenda, ni Seasonic ya Focus GX ya wati 550 au 650. Seasonic ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975 na shughuli yake ni hizi hizi pawa saplai, hadi imezitengenezea kampuni nyingine zinazoweka majina yao juu. Focus GX ina kipimo cha 100–240V, ulinzi wote niliotaja, waya unazoweza kuzichomoa usizozihitaji, na dhamana ya miaka 10. Ni ghali, na najua kwamba kwa kijana anayehesabu laki kwa laki, kutoa karibu laki tatu kwa kifaa ambacho hakiongezi hata picha moja kwa sekunde katika gemu ni jambo gumu. Nimeitumia mwaka mzima, katika mvua zote za masika, na kila umeme ukikatika naitazama kwa shukrani.

Ya pili ni Corsair ya CX, wati 550 au 650, yenye dhamana ya miaka 5. Corsair huagiza zitengenezwe na viwanda vingine, lakini husimamia kile kinachotoka, na kwa mtu ambaye hafikii Focus sina neno baya la kusema juu yake. Ya tatu ni Cooler Master ya MWE Bronze, kwa sharti moja: zipo zilizoandikwa 230V kwenye jina lenyewe, na hizo ndizo za 200–240V, kwa hiyo uichukue tu kama utaiweka nyuma ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, yenye kurekebisha volti. Baada ya hapo kuna zile zisizo na jina unalolijua, za elfu arobaini hadi elfu themanini. Hizo sizipangi.

Kwa upande wa prosesa, ushauri wangu kwa anayehariri ni Core i5-12400, na uangalie vizuri isiwe ile yenye herufi F mwishoni. Tofauti ya bei yake si kubwa, na wauzaji hupenda kukupa ya F wakikuambia ni kitu kile kile. Isiyo na F ina grafiki zake ndani, na grafiki hizo zina kifaa kiitwacho Quick Sync ambacho hufungua video za H.265 za biti 10 zenye rangi ya 4:2:2, aina ambayo kamera nyingi za Sony na Canon za siku hizi hurekodi. Kadi za Nvidia za RTX 30 na RTX 40 hazifungui aina hiyo, hivyo mtu anaweza kuwa na kadi ya milioni moja na bado video ikakwamakwama kwenye meza ya uhariri, asijue kwamba tatizo lilianzia kwenye herufi moja ya prosesa. Faida nyingine ni kwamba kadi ya grafiki ikifa, bado unawasha kompyuta na kumaliza kazi ya mteja. Ryzen 5 5600 ni nzuri sana kwa gemu na mara nyingi huwa na bei nafuu zaidi, lakini haina grafiki ndani, na kwa kazi yetu hilo linanizuia.

Kadi ninayoipendekeza ni RTX 3060 yenye GB 12, iliyotoka mwaka 2021, kwa sababu ukihariri video za 4K kumbukumbu ya kadi ndiyo huisha kwanza. Hutumia wati 170, na pamoja na i5-12400 inayofika wati 117, madabodi, diski na feni, unapata karibu wati 340, mzigo ambao pawa saplai nzuri ya 550 hubeba bila kuhema. Kadi ya RX 6600 ya GB 8 inatosha kwa gemu za kawaida na hula wati 132 tu. RAM iwe GB 32 kama unaweza, vijiti viwili vya 16, na programu ziwe kwenye SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi inayochomekwa kwenye madabodi, huku picha za wateja zikiwa na nakala kwenye diski ya pembeni, kila siku, kabla ya kulala.

Kwa asiye na fedha ya kuunda upya, mashine ya mtumba ya HP Z440 ni njia ninayoiheshimu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya kazi nzito na nyingi huja na pawa saplai ya wati 700 ambayo ni ya kweli. Ubaya ni kwamba pawa saplai hiyo ni ya umbo lake peke yake, ikifa utaitafuta ya HP. Kompyuta ndogo za ofisini za Dell na HP huendeshwa vizuri na kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama GTX 1050 Ti, na sina zaidi ya hilo la kusema juu yake.

Kadi za mtumba zinahitaji macho. Kuna RX 580 zinazouzwa bila kutajwa kwamba ni za 2048SP, toleo lililopunguzwa nguvu, ilhali RX 580 kamili ina viini 2304. Kuna pia kadi za kale za Nvidia zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzigundua nyingi za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina, kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe kadi mbele yako au akutumie video ya skrini hiyo kabla hujatuma fedha.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Niliporudi dukani na ile pawa saplai iliyoungua, kaka aliyeniuzia alinyoosha kidole kwenye risiti, chini kabisa, palipoandikwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilimwonyesha kibandiko, nikamzidishia 12 kwa 17, akanijibu, "Dada, sisi tunauza kama tulivyoletewa." Nayaamini maneno yake, na hayo ndiyo yanayoniumiza, kwa sababu aliyemletea naye atasema hivyo hivyo, na hasara yote ikabaki kwa mwanamke aliyekuja kuuliza picha ya mama yake akicheza. Sisi wa Tabora tunalipa bei ya Kariakoo, tunalipa nauli ya mzigo kwenye basi, na tunapewa dhamana ya wiki moja kwa kifaa ambacho mtengenezaji wake anakidhamini miaka 5. Dai risiti ya EFD yenye jina kamili na namba ya toleo, wala usikubali iandikwe "vifaa vya kompyuta" tu, kwa sababu ukienda Tume ya Ushindani na malalamiko ya bidhaa bandia, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako.

Kuhusu UPS, usidanganywe na namba ya VA (volti mara ampea), ambayo si sawa na wati, kwa kuwa ile ya VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400. Chukua ya VA 1000 au zaidi, yenye kurekebisha volti, na uipime siku hiyo hiyo kwa kuanza kutoa video nzito, kisha chomoa waya wake ukutani. Baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa umeme ambao pawa saplai za kisasa huukataa zikiwa na mzigo, na kompyuta huzima pale pale ingawa betri imejaa. Ikizima, irudishe kabla ya jua kuzama. Na mzigo ukifika kwa basi, fungua boksi hapo hapo mbele ya wakala, toa pawa saplai, isome safu ya volti 12 na kipimo cha umeme unaoingia, uvipige picha vyote viwili, ndipo utie saini.