Hela ya korosho ikiingia, mashine gani ya kusampo ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Kampuni ikitangaza tu mashine mpya ya kusampo, yaani ya kudaka sauti yoyote na kuikata uitengenezee biti, simu yangu hailali. Dogo mmoja wa Shangani ananitumia picha saa sita usiku "bro ushaiona hii?", mwingine anauliza bei kabla hajajua hata inafanya nini, wa tatu tayari anataka kuuza laptop yake yenye FL Studio (programu ya kutengeneza biti), na juzi kuna mzee mpiga ngoma nilimuonyesha video akaangalia weee mpaka mwisho alafu akauliza kitu kimoja tu, "hiyo inakula umeme wa wapi?" Mzee kawazidi wote.

Manake huku gesi tunayo, Mnazi Bay iko kwetu, Songosongo iko Kilwa, na bado umeme unaweza kukata uko katikati ya biti na kama hukusevu ndo imetoka hiyo. Kwahiyo sijapanga kwa kuangalia ipi ina mavitu mengi, nimepanga kwa maswali mawili: umeme ukikata inaendelea? Na inaweza kudaka sauti palepale ulipo bila kompyuta? Bei ni za dola zilipotangazwa, nimezidisha kwa 2,500 ili tupate picha, usafiri na ushuru juu yako.

Kabla ya namba moja kuna namba sifuri, nayo ni simu uliyoshika. Koala Sampler ni programu ya Android na iPhone, kama dola 5, ina pedi 64 (vile vitufe vya kugonga sauti) na inarekodi kwa maiki ya simu. Msimu uliopita nilikuwa Mikindani kwa bibi mmoja anabangua korosho kibarazani, zimeshachomwa, anaweka moja juu ya jiwe anaigonga na kipande cha mti, tak, anaitoa ganda, tak, yaani hakosei muda hata kidogo. Nikamwambia bibi naomba nirekodi, akasema "rekodi mjukuu wangu ila usinipige picha, sijasuka". Ile tak nikaikata, nikaishusha kidogo, ndo sneya yangu (ile ngoma kali ya kwenye biti) mpaka leo na watu wananiuliza nimeinunua wapi. Shida ya Koala ni simu zetu za bei chee, unagonga pedi sauti inakuja baadae kidogo, kupanga taratibu sawa lakini kupiga laivu utachanganyikiwa. Anza hapa lakini, ukikaa nayo miezi mitatu hujatengeneza kitu basi hata ukipewa mashine ya milioni mbili utaipiga picha tu.

Namba moja kwangu ni Roland SP-404MKII. Ilitangazwa 2021, dola 499 na kitu, sema milioni moja na robo. Inakula betri 6 zile za saa ya ukutani, au unachomeka pauabenki kwa USB-C (iwe inayotoa moto wa kutosha, zile za kuchaji simu kinyonge itagoma). Betri hazidumu siku nzima usidanganyike, ila umeme ukikata unamaliza wimbo. Ndani ina nafasi ya GB 16, na pedi 16 kubwa za kugonga kwa raha. Utamu wake wenyewe ni efekti, yaani vitu vya kugeuza sauti, unapitisha sauti kwenye efekti alafu unairekodi upya hapohapo inakuwa sampo mpya, unaipitisha tena, mpaka ile korosho inasikika kama mvua kwenye bati. Na ina kitufe kinachorudisha sekunde zilizopita hata kama hukubonyeza rekodi. Ukiwahi kukaa na wapiga ngoma utaelewa, wale pigo la kwanza ndo tamu, ukiwaambia "rudieni nirekodi" wanapiga kama wanasoma risala. Ubaya, haina spika wala maiki ndani, kwahiyo hesabu hedifoni na maiki pembeni.

Hapa niseme kitu kinachosahaulika. Ngoma zetu nyingi za Kimakonde haziendi moja-mbili-tatu-nne ya kunyooka, vile vingoma vidogo vya mguu mrefu wa kuchomeka chini vinakwenda tatu tatu huku mkubwa anajibu kwa mbili, na mashine ikivuta kila pigo kwenye mistari yake sindimba inageuka paredi ya mgambo. Mashine yoyote utakayonunua, kitu cha kwanza jifunze kuzima huko kunyooshwa. SP ukishazima inakuachia ulivyogonga ndo ilivyo.

Ya pili Teenage Engineering EP-133 K.O. II, ilitoka 2023 kwa dola 299, laki saba na nusu hivi. Ukiiona utadhani kikokotoo cha karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya mnada. Betri 4 za rimoti, spika ndani, maiki ndani, unaitoa kwenye begi unarekodi unacheza watu wanasikia, basi. Nimeiweka ya pili kwasababu ilitoka na memori ya MB 64 tu, ukirekodi sauti ndefu inajaa haraka, na ni plastiki nyepesi. Ila kama huna hata spika, iwe namba moja yako, sibishi.

Ya tatu Akai MPC One+, nayo ya 2023, dola 699. Hii ndo ukoo wenyewe, MPC ya kwanza MPC60 ilitoka 1988, Akai wakishirikiana na Roger Linn, na zile pedi 16 nne kwa nne kila mtu kaziiga toka pale. Kioo cha kugusa inchi 7, unaanza wimbo na kuumaliza humohumo. Sasa haina betri. Umeme ukikata inazima na wewe unabaki unaitazama. Kama studio yako ina sola na inveta ipandishe mpaka namba moja, kama huna iache.

Ya nne Elektron Digitakt II, ya 2024, karibu dola elfu moja, haina betri. Nzuri sana. Tuendelee.

Ya mwisho Korg Volca Sample 2. Inakula betri 6 za saa, ina spika, swali la kwanza inapita vizuri kabisa, alafu unagundua haina maiki wala tundu la kuingiza sauti, sampo unazitengeneza kwingine, kawaida kwenye kompyuta, ndo uziingize. Sasa yule bibi wa Mikindani nimbebee kompyuta?

Mtumba nao. Mi niliwahi kununua mashine used, muuzaji akanipa adapta "yake yake", nikachomeka, taa ikawaka, nikacheka, dakika haijaisha nikasikia harufu kama nywele zinaungua. Kumbe volti sio zake. MPC One+ inataka volti 19, Digitakt 12, SP za zamani 9 na nguzo zake (chanya na hasi) ziko kinyume na adapta nyingi za mtaani, tundu kuingia haimaanishi ndo yenyewe. Soma maandishi nyuma ya mashine kwa macho yako. Nenda na hedifoni zako na betri mpya mfukoni, gonga pedi zote moja moja, zungusha kila kinobu usikilize kama kinakwaruza maana chumvi ya bahari huku haina huruma, na Oktoba minada ikianza usimwambie muuzaji kama korosho zako zimeshalipwa.