Sini ya kwanza: jiwe la Gangilonga au chumba cha hosteli?

Oya wana, kwa sini ya kwanza ya filamu yetu tumebaki na mawili, Gangilonga alfajiri au chumba cha hosteli usiku umeme umekatika. Gangilonga unaiona Iringa yote kule chini, afu jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, yani dada wa kwenye filamu anapanda peke yake anasikia anaitwa, anageuka hamna mtu, hapo hata muziki hauhitajiki. Shida upepo. Mwezi wa 7 kule juu baridi inakata na kale kamaiki ketu ka kubana kwenye shati katarekodi vuuu tu, na ule mwanga wa alfajiri haukai, mkirudia mara mbili tatu jua limeshatoka, mnarudi kesho na hela ya boda tena.

Chumbani mnarudia hata mara 15, tochi ya simu inatosha, sauti safi.

Ila kila filamu ya wanafunzi inaanza na chumba giza, jamani tumechoka! Mi naenda na jiwe, sauti tutarekodi baadae tumejifunika blanketi. Nani analo zito?